Ukoo Mmoja wa Treni za Umeme: Habari za Wana Watano wa York

Wazee wa Likasi na wa Tenke hawana haja ya kufundishwa treni ya umeme ni kitu gani. Mwaka 1952, wakati Likasi ilipokuwa ingali ikiitwa Jadotville, njia ya reli kati ya miji hiyo miwili ilianza kupitisha treni za umeme, nao wakaona waya umetandazwa juu ya reli na lokomotivu zisizotoa moshi wala kudai maji. Lakini huko Katanga umeme ulipewa kazi ya kuvuta mizigo mizito, na lokomotivu ilikaa mbele kama ng'ombe wa kukokota. Iko namna nyingine. Katika miji mikubwa ya ng'ambo ziko treni zisizo na lokomotivu hata kidogo. Mota zimefichwa chini ya mabehewa yenyewe, mwendeshaji anakaa katika chumba kidogo mbele, na kazi ya treni ni moja tu: kuwachukua asubuhi watu wanaokaa vitongojini, kuwafikisha kazini, na kuwarudisha jioni.

Leo twataka kusimulia habari za ukoo mmoja wa treni hizo, uliozaliwa Uingereza katika mji wa York. Twasema ukoo kwa maana zote zilifanana sura, kama watoto wa nyumba moja, ila kila moja ilipelekwa mahali pake na kupata desturi zake. Tena habari zao zilikwisha juzi tu, nasi twaweza kuzitazama toka mwanzo hata mwisho.

Kwanza yatupasa kuuliza: shida ilikuwa nini? Kusini ya London treni za umeme zilikuwako tangu siku nyingi. Umeme wake haukupita katika waya wa juu, bali katika reli ya tatu iliyolazwa chini kando ya reli mbili za magurudumu. Mabehewa yake yalikuwa na mlango kwa kila safu ya viti, mlango baada ya mlango, ubavu wote wa behewa. Msafiri alishika mkono wa mlango, akaufungua mwenyewe, akashuka, akaubamiza nyuma yake. Desturi hiyo ilikuwa na faida kubwa, nasi hatuwezi kuificha: treni iliyojaa iliweza kutapika watu wake wote kwa dakika moja. Lakini mlango uliofunguliwa na kila mtu hauna mwangalizi. Wenye haraka waliufungua kabla treni haijasimama. Mtu mmoja akisahau kuufunga, treni nzima ilingoja mpaka mtumishi wa stesheni apite kuusukuma. Watu walianguka, wengine wakafa. Hata hivyo mabehewa ya namna hiyo yalidumu kusini ya London mpaka mwaka 2005.

Mabwana wa British Rail, ndiyo kampuni ya serikali iliyoshika reli zote za nchi wakati ule, waliamua kutafuta namna mpya. Mwaka 1971 kiwanda chao cha York kilitengeneza treni tatu za kujaribia: mbili za mabehewa manne, na moja ya mabehewa mawili. Ziliitwa PEP. Miili yake ilikuwa ya alumini, ambayo ni nyepesi kuliko chuma cha pua, na ile fupi iliachwa bila rangi, iking'aa kama sufuria mpya. Milango ilikuwa michache, mipana, ya kuteleza, ikiendeshwa kwa nguvu ya hewa. Mota zilitiwa chini ya kila behewa. Mwaka 1973 zilianza kuchukua wasafiri kusini ya London.

Kwa nini walipenda wepesi hivyo? Jibu ni rahisi. Treni ya vitongojini haiendi mbali, bali husimama kila baada ya dakika mbili au tatu. Kila inaposimama inapoteza mwendo wake wote, na kila inapoondoka inaununua tena kwa umeme. Kitu kizito hununua kwa bei kubwa. Mtu apandaye kilima na mzigo kichwani anaijua hesabu hiyo bila kitabu.

Kitu kingine kilichopendeza mafundi ni kiungo cha mbele. Zamani, kuunganisha treni mbili, mfanyakazi alishuka chini katikati ya mabehewa, akafunga mnyororo, kisha mipira ya hewa, kisha nyaya za umeme, huku tani nyingi za chuma zikiwa mbele yake na nyuma yake. Kiungo kipya kilifanya yote kwa kugusana tu: kushikana, hewa na umeme pamoja. Mwendeshaji aliweza kuunganisha treni yake pasipo mtu kuingia mahali pa hatari. Sisi twaona hilo lilikuwa jambo jema kuliko yote katika treni ile, ingawa wasafiri hawakulitazama hata kidogo.

Treni za PEP hazikuishi sana katika kazi ya watu. Lakini mfano wao uliitwa muundo wa 1972, na kutoka kwake wakazaliwa wana watano. Waingereza huzipa treni zao hesabu badala ya majina, basi wana hao ni 313, 507, 314, 508 na 315, kwa kadiri walivyofuatana kuzaliwa. Wote walitoka York, kati ya mwaka 1976 na 1981. Jumla yao seti 217, yaani mabehewa 755.

Kifungua mimba ni 313, na habari zake zaanzia chini ya ardhi, miaka mingi kabla hajazaliwa.

Mwaka 1904 kampuni moja ilifungua njia ya reli chini ya London, toka Finsbury Park hata Moorgate, mahali pa mabenki na maofisi. Mahandaki mengine ya London yalikuwa membamba, upana wa mita 3 na nusu hivi. Wao walichimba la mita 5 kasoro kidogo. Sababu gani? Walitumaini kwamba treni kubwa za kampuni ya Great Northern, zilizotoka mashambani upande wa kaskazini, zitateremka humo na kufikisha watu mpaka katikati ya mji. Lakini kampuni ile kubwa ilikataa kuunganisha reli zake. Handaki pana likabaki bila treni zile lilizochimbwa kwa ajili yake. Likakaa hivyo miaka zaidi ya 70.

Katika miaka ya 1970 serikali ilikubali kuleta umeme katika njia za Great Northern, na kuliunganisha handaki kama walivyotaka wale wa kwanza. Lakini kabla kazi haijaisha kilitokea kilio. Asubuhi ya tarehe 28 Februari 1975 treni ya chini ya ardhi, iliyokuwa ingali ikitumia handaki lile, iliingia stesheni ya Moorgate bila kupunguza mwendo. Pale ndipo mwisho wa njia: mbele kuna ukuta tu. Treni ilipita jukwaa zima la stesheni na kujigonga ukutani. Watu 43 walikufa, na mwendeshaji mmoja wao. Ilichukua siku kadha kuwatoa wote. Wachunguzi hawakuona ubovu wowote katika treni, na kwa nini mwendeshaji hakufunga breki hakuna aliyepata kuthibitisha.

Mwaka uliofuata, 1976, treni mpya za 313 zikaingia katika handaki hilo hilo. Sasa twaweza kufahamu kwa nini zilitengenezwa vile. Nje, juani, umeme wake ulitoka katika waya wa juu, wa volti 25,000, umeme wa kwenda na kurudi, ndugu wa ule wa Katanga. Lakini ndani ya handaki hapakuwa na nafasi ya waya, hata lingawa pana. Humo walitumia reli ya tatu ya volti 750, umeme wa mkondo mmoja. Basi treni ilihitaji vinywa viwili: mkono wa juu wa kugusa waya, uitwao pantografu, uliowekwa juu ya behewa la kati pamoja na transfoma yake; na viatu vya chuma chini vya kugusa reli ya tatu. Katika stesheni ya Drayton Park, iliyo kwenye mdomo wa handaki, mwendeshaji alishusha mkono na kuendelea kwa viatu. Akitoka, aliuinua tena. Wasafiri walisikia kimya kidogo tu, kisha mota zikaimba tena. Ilikuwa treni ya kwanza ya Uingereza kuagizwa kwa wingi hivyo yenye kula umeme wa namna mbili.

Tena angalieni uso wake. Katikati ya uso, mbele ya mwendeshaji, kuna mlango. Wageni walidhani ni wa kupitia toka treni moja hata nyingine. Sivyo. Handaki liliacha nafasi ndogo sana kati ya ukuta na ubavu wa treni. Kama treni ikisimama humo kwa moto au kwa ajali, watu hawawezi kushuka kwa milango ya ubavuni. Watatoka mbele au nyuma tu, wakitembea katikati ya reli. Mlango ule ndio wa kuwaokoa. Wana wote watano walipewa uso huo, hata wale waliokwenda kufanya kazi mahali penye uwazi mwingi.

Mota zake zilikuwa nane, kila moja ya nguvu farasi 110, nne katika kila behewa la mwisho. Behewa la kati halikuwa na mota. Hapo mafundi walikuwa wameacha ubadhirifu wa PEP, iliyotia mota kila mahali. Mwendo wake haukupita kilometa 120 kwa saa. Kwa mtoto huyo wa kwanza walitengeneza seti 64, za mabehewa matatu matatu.

Wa pili, 507, alipelekwa Liverpool. Huko nako walikuwa wamechimba: mwaka 1977 kitanzi kipya cha handaki kilifunguliwa chini ya mji, ili treni zivukazo chini ya mto Mersey ziweze kuzunguka na kurudi bila kugeuzwa. Njia hizo za Liverpool zilikuwa za reli ya tatu. Basi 507 hakuhitaji pantografu wala transfoma, akawa mwepesi na wa gharama ndogo kuliko ndugu yake. Seti zake ni 33.

Hapa twataka kusahihisha maneno ya wale wasemao kwamba York ndiyo iliyowafundisha Waingereza milango ya kuteleza. Watu wa Liverpool walikuwa nayo tangu 1938, na njia ya Shenfield, mashariki ya London, tangu 1949. Upya wa ukoo huu haukuwa mlango. Upya ulikuwa kwamba mfano mmoja ulitumwa katika miji mitatu mikubwa, London, Liverpool na Glasgow, ili vipuri viwe vya namna moja na fundi wa mahali pamoja aweze kufahamu treni ya mahali pengine.

Glasgow ndiko alikokwenda 314, mwaka 1979. Mji huo wa Scotland ulikuwa na handaki la zamani lililopita chini ya katikati ya mji, lililofungwa mwaka 1964. Wakalifungua tena, wakalitia waya, wakaiita njia ya Argyle. Treni zake zilikuwa 16 tu, za waya wa juu peke yake. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo lililowahusu mafundi. 313 na 507 walipunguza na kuzidisha nguvu za mota kwa namna ya zamani: umeme ulipitishwa katika vizuizi vya chuma, ukapotea kuwa joto, na vizuizi vikaondolewa kimoja kimoja kadiri treni ilivyopata mwendo. 314 alipewa vifaa viitwavyo thairista, ambavyo hukata umeme vipande vidogo vidogo kwa upesi mno na kuuachia polepole, bila mshtuko wa kupanda ngazi. Tena British Rail haikumwamini muuzaji mmoja. Seti 6 zilipewa vifaa vya Brush, seti 10 vya GEC, zikafanya kazi bega kwa bega. Namna hiyo ya kununua twaisifu.

Sasa twafika kwa 508, na hapa pana kisa.

Kusini ya London, kule kule ambako PEP zilijaribiwa, treni za zamani zilikuwa zimechoka. Basi 1979 na 1980 York ilipeleka huko seti 43 za 508, za mabehewa manne manne, zikafanya kazi toka stesheni kubwa ya Waterloo. Lakini tangu mwanzo ziliwekewa kuhamia Liverpool, ambako mabehewa ya 1938 yalikuwa yangali yakivuka chini ya mto. Toka mwaka 1982 zikaanza kuondoka moja moja kwenda kaskazini. Liverpool walitaka treni za mabehewa matatu, si manne. Kwa hiyo kila seti ilipohama iliacha nyuma behewa moja: mabehewa 43 mapya, yasiyo na mota wala chumba cha mwendeshaji, yaani yasiyoweza kwenda popote peke yake.

Yangefanywa nini? Wakati ule York ilikuwa inatengeneza treni nyingine kwa ajili ya kusini, ziitwazo 455, za ukoo tofauti. Mafundi walifanya hesabu: badala ya kutengeneza mabehewa manne kwa seti, tutatengeneza matatu, na la nne litakuwa yatima wa 508. Ndivyo ilivyokuwa. Mabehewa mapya yalikuwa na paa la juu zaidi, na ubavu wa sura nyingine. La yatima lilikuwa na paa la mviringo, la chini kidogo. Mtu aliyesimama stesheni aliweza kuliona mara moja katikati ya wenzake, kama mtoto wa kulea katika picha ya jamaa. Likafanya kazi huko miaka mingi sana, huku ndugu zake watatu wakiwa kilometa 300 mbali. Waangalizi wengine walicheka. Sisi hatucheki: mabehewa 43 yaliyolipiwa kwa fedha ya watu wote hayakuozea yadini.

508 waliendelea kuwa wasafiri. Baada ya serikali kuzigawa reli kwa makampuni, katika miaka ya 1990, Liverpool walionekana kuwa na treni za kuzidi. Seti 12 zikakodishwa kurudi kusini, upande wa Kent na Surrey, na 3 zikaenda njia ya Watford. Zilizobaki ziliendelea pamoja na 507, na wasafiri wa Liverpool hawakuweza kuzitenga.

Kitinda mimba ni 315, seti 61 za mabehewa manne, 1980 na 1981, toka stesheni ya Liverpool Street ya London kwenda Shenfield na vitongoji vya kaskazini-mashariki. Yeye hakuleta jambo jipya. Ni 314 aliyeongezewa behewa. Alifanya kazi bila kelele, akijaza watu asubuhi na kuwateremsha, miaka 40 na zaidi.

Kosa la ukoo mzima latupasa kulitaja, kwa kuwa lilionekana katika uzee wake. Treni hizi hazikuwa na choo. Kwa safari ya nusu saa jambo hilo lavumilika. Lakini mwaka 2010 seti 19 za 313 zilitolewa London, zikapelekwa pwani ya kusini, toka Brighton kwenda Portsmouth na njia za karibu. Huko hakuna waya, basi pantografu haikuwa na kazi tena. Safari nzima ilipita saa moja, na kabla ya hapo treni mpya zaidi zenye choo zilikuwa zikifanya kazi hiyo. Wazee, wajawazito na wenye watoto walinung'unika, na haki yao. Chombo kilikuwa kile kile. Aliyekosa ni yule aliyekipa kazi isiyo yake. Hata hivyo zilikaa huko mpaka Mei 2023, zikiwa na umri wa miaka 46 hivi.

Wengine walikuwa wameanza kwenda. Handaki la Moorgate liliagana na 313 mwaka 2019, na Glasgow iliagana na 314 Desemba mwaka huo huo. 315 wa mwisho alichukua watu Desemba 2022. Liverpool ilianza kutumia treni mpya za 777, zilizotengenezwa na Stadler, Januari 2023. 507 na 508 wakafuata kuondoka, na mwaka 2024 wakawa wamekwisha.

Kiwanda kilichowazaa hakikuona siku hizo. Kiliuzwa pamoja na viwanda vingine vya reli, kikafungwa mwaka 1996, na mafundi wa York wakatawanyika kutafuta kazi nyingine, huku treni zao zikiwa na miaka zaidi ya 20 ya kufanya kazi mbele yao.

Mmoja wa 314 hakupelekwa kukatwa. Aliletwa Bo'ness, Scotland, wakamtoa vifaa vyake vya waya, wakamtia matangi ya haidrojeni na mashini ya kugeuza haidrojeni kuwa umeme ndani ya treni yenyewe. Mwaka 2021, wakati mataifa yalipokutana Glasgow kushauriana juu ya hali ya hewa ya dunia, alionyeshwa kwa wageni, akiwa na mwili ule ule wa alumini wa mwaka 1979.